KUUTUNZA MWILI SI ISRAFU: JIBU KWA WANAOWASEMA WANAWAKE WAENDAO SALUNI



Ndugu wasomaji, akina baba, akina mama, nanyi vijana wetu mlio masomoni. Kuna maneno yanayozunguka katika mitaa yetu ya Nyamirambo na Biryogo hapa Kigali, na sidhani kama ndugu zetu wa Buyenzi kule Bujumbura hawayajui. Mwanamke wa Kiislamu akionekana anatoka saluni, nywele zimeoshwa na kusukwa, mgongo umekandwa, miguu imesuguliwa mpaka magaga yametoka, basi husemwa. Ataambiwa mbadhirifu. Ataambiwa amefuata uzungu. Ataulizwa anajipambia nani. Na wanaomsema si wanaume peke yao, maana wanawake wenzake ndio mara nyingi wa mwanzo.

Leo nataka kuyajibu maneno hayo, na nitayajibu bila kuzungukazunguka. Msimamo wangu ni huu: mwanamke anayemlipa fundi mwenye ujuzi amkande, amsafishe ngozi, amtunze nywele na kucha, katika sehemu ya wanawake watupu yenye sitara, amefanya matumizi ya haki. Si jambo la kuonea haya wala la kufichaficha. Israfu ipo, tena imejaa mijini mwetu, lakini haipo pale tunaponyooshea kidole. Ipo kwenye kopo la mkorogo na kwenye piko jeusi la bi harusi, vitu tunavyovishangilia kwa vigelegele. Tumeyageuza mambo juu chini: tunamlaumu aliyekandwa mgongo, tunamsifu aliyejichubua.

MWILI UNA HAKI YAKE

Tuanze na asili. Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa kijana wa ibada nyingi, akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alipopata habari zake alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki na mkewe ana haki. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari na kila mmoja wetu ameisikia kwenye darsa. Ajabu ni kwamba tunaisikia kwa sikio la mwanamume tu. Akisema baba amechoka, tunasema mwili wake una haki, mwacheni apumzike. Akisema mama amechoka, tunamwambia avute subira.

Tazameni tena mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwa waliorejea safari. Aliwakataza kuwaingilia wake zao kwa ghafla, ili mwanamke ambaye nywele zake zimetimka apate kuchana, na ambaye mumewe alikuwa hayupo apate kujisafisha. Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.). Jeshi zima linasubiri nje ya mji, wanaume wamechoka, wana hamu na majumba yao, na wanaambiwa wangoje ili wanawake wapate muda wa kujitengeneza. Leo nani kati yetu anampa mkewe saa mbili za Jumamosi, akabaki yeye na watoto?

Na kuna kisa cha Subay'a al-Aslamiyya (R.A.). Mumewe alifariki naye akiwa mjamzito, akajifungua baada ya muda mfupi, kisha akajipamba. Akatokea mtu mmoja, Abu Sanabil, akamlaumu kwamba eda yake bado. Mama yule hakukaa akalia. Alivaa nguo zake, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza, akajibiwa kwamba kwa kujifungua eda imekwisha na yeye ni huru. Hakuambiwa kwamba kujipamba kwake ni kosa. Akina Abu Sanabil wa mitaani ni wengi hadi leo, lakini akina Subay'a wa kwenda kuuliza wamepungua.

"NI ISRAFU"

Hii ndiyo hoja yao kubwa. Israfu ni kuvuka mpaka: kutumia kupita haja au kupita uwezo, au kutumia katika lisilofaa hata kama ni sarafu moja. Katika Sura Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, amri ya kuchukua pambo na katazo la israfu vimekuja pamoja, kisha likaulizwa swali la kuwakemea wanaoharamisha pambo ambalo Allah (S.W.T.) amewatolea waja wake. Anayesoma nusu ya maneno haya akaacha nusu hajatutendea haki.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme mama anatenga faranga 10,000 kwa mwezi kwa ajili ya nywele na kukandwa. Na tuseme baba anakaa kwenye baraza za Biryogo kila jioni, anakunywa chai na kitafunio cha faranga 500. Kwa siku 30 hiyo ni faranga 15,000. Mimi simlaumu baba kwa chai yake. Kukaa na wenzake kunamwondolea uchovu na kunajenga udugu. Ninachouliza ni kwa nini 15,000 za chai zinaitwa mazungumzo na 10,000 za mgongo wa mama zinaitwa ubadhirifu. Mizani ya namna hii ingekuwa dukani tungeipeleka kwa wakaguzi.

Na tuutazame huo mgongo wenyewe. Kigali ni mji wa vilima. Mwanamke hupanda na kushuka na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, huinama kufua, huinama kufagia, hulala mwisho na kuamka mwanzo. Anayeuza sokoni hukaa kutwa kwenye kibao. Mwalimu husimama kutwa. Msuli uliokazika siku 6 haufunguliwi kwa mawaidha. Kukandwa na mtu anayejua kazi hulegeza msuli, humpunguzia mtu maumivu ya kiuno kwa muda na humpa usingizi. Si dawa ya kila kitu, na atakayekuambia masaji inatibu kisukari ni mwongo, mkimbie. Lakini nafuu ni nafuu, na mwenye maumivu haulizwi kwa nini anatafuta nafuu.

Wapo wanaosema ubaya uko katika kulipa, kwamba mambo ya mwili hayafai kutolewa pesa. Basi wakumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku na Abu Tayba, akaamrisha apewe ujira wake wa chakula, na akazungumza na mabwana zake wampunguzie walichokuwa wakimtoza. Ibn Abbas (R.A.) aliitumia habari ya malipo haya kuwajibu waliodai ujira ule ni haramu. Aliyetia mkono wake na ujuzi wake katika mwili wako amekufanyia kazi, na mfanyakazi hulipwa.

"NI UZUNGU"

Hoja ya pili inachekesha, kwani anayeisema huwa hajui alikotoka. Waswahili waliofika huku bara kwa njia ya Ujiji, wakajenga mitaa kama Buyenzi na Biryogo, hawakuja mikono mitupu. Walikuja na ustaarabu wa pwani, na katika ustaarabu huo kuutunza mwili ni kazi yenye mafundi wake. Bi harusi wa pwani hakuachwa ajisugue mwenyewe. Alikuwapo somo, mwanamke mtu mzima mwenye heshima zake, aliyemweka ndani siku kadhaa, akamsinga kwa singo la asumini, mawaridi, liwa na karafuu, akampaka hina, akamfukiza udi, na huku mikono ikifanya kazi mdomo ukimfunza adabu za ndoa na usafi wa tohara. Na somo alipewa haki yake. Kilikuwa kitu gani kile kama si saluni yenye mwalimu ndani?

Na si harusi tu. Mwanamke aliyejifungua alikandwa na mkunga au na mama mtu mzima siku 40. Hakuna aliyemwita mbadhirifu. Hata hapa Rwanda, kabla ya makopo ya dukani, wanawake walijipaka siagi ya ng'ombe iliyotiwa harufu nzuri ili ngozi isipasuke kwa upepo wa milimani.

Atakayetaka ushahidi wa mawe na aende Unguja. Kidichi kuna hamamu iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mji Mkongwe kuna Hamamni, iliyojengwa wakati wa Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo ilikuwa ya watu wa mji. Mvuke, maji moto, kusuguliwa, kukandwa: haya yote yanayouzwa leo kwa jina la spa, Damascus, Cairo na Istanbul waliyajua karne nyingi zilizopita. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika adabu za kuingia hamamu ndani ya kitabu cha tohara katika Ihyaa. Mtu haandiki adabu za jambo ambalo Waislamu hawalifanyi.

Najua kuna mwanafunzi atanyoosha mkono na kusema: lakini zimekuja riwaya za kuwazuia wanawake na hamamu. Ndiyo, zimekuja, na wala sizifichi. Lakini tazama sababu waliyoitaja wanachuoni, nayo ni kufunuka kwa tupu mbele ya watu. Na tazama kwamba katika riwaya hizo hizo amevuliwa mgonjwa na aliyejifungua. Maana yake ni kuwa ugomvi ni juu ya sitara, na sitara tunaweza kuiweka. Nitairudia hapo chini.

"KWA NINI ASIFANYE NYUMBANI?"

Hii ni hoja ya tatu, na inastahili jibu la heshima kwa sababu wengi wanaisema kwa nia njema. Nyumbani mtu anaweza kujisugua na kujipaka mafuta, naye ana thawabu ya usafi wake. Lakini ujuzi ni kitu kingine. Hatujinyoi wenyewe vichwa, tunakwenda kwa kinyozi. Hatujishonei kanzu. Kwa nini mwili wa mwanamke ndio uachwe kwa kubahatisha?

Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza. Una mimba? Una shinikizo la damu? Mguu huu umevimba tangu lini? Anajua kwamba mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, haukandwi kamwe, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikichomoka ikaenda mapafuni inaua. Mwenye mguu huo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Anajua kwamba mjamzito haingizwi kwenye chumba cha mvuke mkali, hasa miezi ya mwanzo, na kwamba mwenye homa hakandwi. Jirani anayekukanda kwa mapenzi hajui haya, na mapenzi peke yake hayatambui mshipa ulioziba.

Fundi wa kweli huchemsha au huua vijidudu kwenye vifaa vyake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe mmoja, kikata kucha kimoja, kikipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu bila kusafishwa, kinaweza kupeleka ugonjwa ambao mwenyewe hataujua mpaka ini limeharibika. Hatari hii ipo saluni chafu na ipo nyumbani pia, pale tunapoazimana wembe kati ya dada, wifi na jirani.

Na fundi wa kweli hukuambia hapana. Msuko unaovuta mpaka macho yanakaza hung'oa nywele za kwenye paji la uso, na ukirudiwa miaka mingi nywele hazioti tena. Wasichana wetu wangapi wana vipara vya pembeni chini ya mitandio yao, na sisi tunasema ni kijicho? Vivyo hivyo dawa kali za kulainisha nywele. Zinaunguza ngozi ya kichwa, na mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya 33,000: waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Saratani hiyo ni ya nadra, na uchunguzi ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo sababu. Lakini fundi mwaminifu angekuambia, na asiye mwaminifu atakuuzia kopo la pili.

ADUI YUPO, LAKINI MMEMKOSEA

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Wenzetu wanaolaumu saluni wamenyamaza juu ya jambo moja, nalo ndilo linaloua: mkorogo. Hapa Rwanda watu wanaliita kwa jina hilo hilo, na kila mtu anajua maana yake. Huchanganywa krimu kwenye kopo lisilo na jina, likauzwa kwa ahadi kwamba ndani ya wiki 2 utang'aa. Bi harusi huanza miezi mitatu kabla. Siku ya harusi anatoka mweupe usoni, mweusi vidoleni, na wanawake wanapiga vigelegele: "Mashallah, amependeza!"

Ndani ya makopo hayo kuna nini? Mara nyingi ni moja ya mambo matatu, au yote kwa pamoja.

La kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya na kuingia mwilini. Huharibu figo. Humdhuru mtoto aliye tumboni, hasa ubongo wake. Tena haimdhuru aliyejipaka peke yake: hubaki mikononi mwake, kwenye taulo na mashuka, na mvuke wake huvutwa na watoto waliolala naye. Kwa ajili ya balaa hili mataifa yaliweka Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi 2017. Mwanzo ulikataza vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni, mwisho wake ukawa 2020. Kikao cha mwaka 2023 kikafuta hata kiwango hicho kidogo: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kikapewa mwisho wa 2025.

La pili ni haidrokwinoni. Mwanzo hung'arisha, na ikitumiwa muda mrefu hugeuka: ngozi inakuwa na madoa meusi ya buluu, magumu, kama imeungua, hasa mashavuni. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madhara haya tangu 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Miaka zaidi ya 30 imepita na sisi bado tunanunua.

La tatu ni dawa kali za hospitali kama klobetasoli, ambazo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache na kwa kipimo. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi inatokea, fangasi wanashamiri, na kidonda huchelewa kupona. Mfikirie mama wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa ili ajifungue.

Serikali hapa haikulala. Mwishoni mwa 2018 Rais mwenyewe alilizungumzia jambo hili hadharani, na kuingia 2019 polisi na wakaguzi wa afya walipita madukani wakakamata makopo hayo. Lakini polisi hawezi kuingia chumbani kwa bi harusi. Anayeweza kuingia ni mama yake, shangazi yake na somo wake, nao ndio wanaolipia kopo.

Jambo jingine ni piko jeusi. Hina halisi ni jani la mhina. Rangi yake ni ya machungwa mpaka kahawia iliyoiva, na inahitaji saa kadhaa kushika. Ukiona "hina" nyeusi tititi iliyoshika kwa dakika 20, jua kwamba hiyo ni rangi ya nywele. Wengine wanaiita kanta. Ina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hawairuhusu kupakwa kwenye ngozi hata kidogo. Inatoa malengelenge kwa umbo lile lile la maua yaliyochorwa. Na mwili ukishaikataa mara moja huenda ukaikataa maisha yote: atakapopaka rangi ya nywele akiwa mtu mzima, uso unavimba mpaka macho yanafumba. Mikono ya watoto wetu wa madrasa hupakwa kitu hicho kila Iddi, nasi tunapiga picha.

Haya ndiyo yaliyostahili khutba. Khutba ngapi mmesikia juu ya mkorogo? Na ngapi juu ya wanawake wanaopenda saluni? Rahisi ni ghali, na kopo la bei nafuu limewagharimu watu figo.

SITARA NA MASHARTI YAKE

Nasema saluni na spa ni kheri, lakini sisemi kila mlango wenye kibao ni kheri. Zipo sehemu za mchanganyiko ambapo mwanamume anamkanda mwanamke, au wote wanakaa mvuke mmoja. Hizo si zetu, na hakuna "ni mtaalamu tu" hapo, kwani masaji ya starehe si dharura ya daktari. Basi mwanamke anapotafuta sehemu, ayatazame haya:

Wahudumu ni wanawake na wateja ni wanawake, mlango unafungika, na madirisha yana pazia. Simu za kupiga picha haziingii ndani. Anayekandwa anafunikwa, na baina ya kitovu na magoti hapafunuliwi hata mbele ya mwanamke mwenzake. Vifaa vinasafishwa mbele ya macho yako. Kila krimu ina jina, ina maandishi ya vilivyomo, na imefunguliwa mbele yako. Akikukatalia kusoma kopo, inuka uondoke. Na yale tuliyokatazwa wazi, kama kuunga nywele za mtu, kunyoa nyusi na kuchanja chale za rangi, hayawi halali kwa sababu yamefanywa na fundi mwenye cheti.

Sehemu za namna hii bado ni chache. Na hapa nawauliza wakubwa wetu: ni chache kwa sababu gani? Ni kwa sababu kazi yenyewe tumeidharau. Binti akisema anataka kusomea ususi na utunzaji wa ngozi, baba anaona aibu. Anataka aseme udaktari au uhasibu. Kisha binti wa Kiislamu hana pa kwenda siku ya harusi yake isipokuwa mahali wanaume wanaingia na kutoka. Tumebomoa daraja, halafu tunamlaumu anayelowa.

Na kama ni heshima mnayoitafuta, basi msikieni huyu. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba usiku wa Israa Mtume (S.A.W.) alisikia harufu nzuri, akaambiwa ni ya mwanamke aliyekuwa akimchana nywele binti wa Firauni, pamoja na watoto wake. Chanuo lilimdondoka, akataja jina la Allah, akaulizwa kama ana mola mwingine asiyekuwa Firauni, hakukana. Akauawa yeye na wanawe kwa moto. Msusi! Mfanyakazi wa kuchana nywele za tajiri! Harufu yake imefika mbinguni, na sisi huku tunasema msusi si kazi ya mtoto wa watu.

NENO LA MWISHO KWA KILA MMOJA

Enyi akina baba: mtunze mkeo kabla hajaomba. Mpe pesa yake ya mwezi, na juu ya pesa mpe saa zake. Baki na watoto, usimpigie simu kumuuliza chumvi iko wapi. Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Nawe basi nenda kinyozi.

Enyi akina mama: msisubiri mpaka mgongo ukatike ndipo mseme mmechoka. Na msiwaseme wenzenu. Wewe leo una nguvu, yeye ameshazaa watano.

Enyi wasichana mlio shuleni na vyuoni: fedha zenu ni kidogo, basi msikope kwa ajili ya kucha. Utunzaji wenu ni wa nywele safi, msuko usiovuta, mafuta ya kawaida, kulala mapema, na mara moja moja, mkijaaliwa, mikono ya fundi. Hina ya jani inatosha kuwapendezesha. Na rangi aliyokupa Mola wako haina deni la kulipwa kwa kopo. Atakayekwambia ungekuwa mweupe kidogo ungepata mchumba, mwambie mchumba wa zebaki abaki na zebaki yake.

Enyi viongozi wa misikiti: mmoja wenu na asimame Ijumaa moja aseme juu ya mkorogo na piko la kemikali, kwa majina yake. Na kamati za wanawake zitafute fundi mwenye ujuzi, zimsaidie kupata chumba chenye pazia na kufuli. Faranga zinazotoka mkononi mwa dada mmoja zitaingia mkononi mwa dada mwingine, naye atalisha watoto wake kwa kazi ya halali.

Namwomba Allah (S.W.T.) atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zake, na mwili ni katika amana hizo. Awape shifaa mama zetu wenye maumivu, awaepushe mabinti zetu na sumu zinazouzwa kwa jina la urembo, na azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma. Aamin.

Wabillahi tawfiq.